Simu ya Mama Mkwe

Wateja walimwita Mama Vifungo. Nguo haikutoka mkononi mwake bila kifungo cha akiba kushonewa kwa ndani. Duka lake la kushonea lilikuwa chumba kimoja chenye mlango mpana na dirisha moja. Cherehani ilikaa dirishani, meza ya kukatia ilikaa katikati. Pembeni, juu ya gunia lililojaa vipande vya vitambaa, alikaa mama mkwe wake.

Macho ya mama mkwe yalikuwa yameingia ukungu, kwa hiyo hakuachwa nyumbani peke yake. Kila asubuhi wawili hao waliongozana hadi dukani, mkono kwa mkono. Bibi huyo hakuwa mtu wa kukaa bure. Alichambua vifungo kwa vidole vyake, vikubwa huku, vidogo kule, na mdomo nao haukulala. Wapo wateja waliokuja kupima nguo wakakaa saa nzima kwa ajili ya maneno yake tu.

Shingoni alivaa simu. Hakuwa na watu wengi wa kumpigia. Simu hiyo ilikuwa na kazi moja kubwa: ndani yake mlikuwa na sauti ya marehemu mumewe. Mzee alikuwa na tabia ya kumtumia mkewe ujumbe wa sauti hata akiwa chumba cha pili. Alipofariki, miaka miwili iliyopita, ziliachwa sauti kumi na moja. Hakuna hata moja iliyokuwa ya mapenzi.

Ile aliyoipenda zaidi ilisema hivi: "Wewe mwanamke, vitunguu vimekwisha. Ukirudi pitia sokoni. Na usichukue vile vidogo kama vya juzi, vinanitoa machozi bila faida."

Kila siku bibi aliomba, "Mwanangu, hebu niwekee mzee." Mama Vifungo aliacha kushona, akabonyeza kioo, na mzee akadai vitunguu vyake. "Nimesikia," bibi alijibu, kisha akarudi kwenye vifungo akiwa ameridhika.

Basi simu ikaanza kuvimba. Kwanza kioo kiliinuka upande mmoja, kikaachana kidogo na mwili wake. Mume wa Mama Vifungo, ambaye ni mpaka rangi, aliifunga kwa ule utepe wa gundi anaozibia madirisha wakati wa kupaka. Gundi ikaachia baada ya siku mbili.

Mama Vifungo akaichukua simu, akaitazama kwa jicho la kazi yake. Kwake yeye, kitu kikiachana kinabanwa. Alichagua kitambaa kizito. Akaweka sponji ndani na mpira pembeni, akapiga mshono mara mbili. Akaisukuma simu ndani ya ule mfuko kwa nguvu, mpaka kioo kikalala mahali pake. Juu akaweka kamba ya kuning'iniza shingoni. Wateja waliusifu mfuko ule, na yeye mwenyewe alitembea kifua mbele. Hata wakati wa kuchaji hakuuvua, kwa kuwa kuuvua ilikuwa kazi. Aliacha tundu dogo la waya, akawa anaichaji simu ikiwa ndani ya mfuko, juu ya gunia, karibu na pasi ya moto.

Mtu atauliza kwa nini hakuipeleka kwa fundi simu, na fundi yupo duka la pili, ukuta mmoja. Tatizo lilikuwa maneno ya mteja mmoja. Huyo alisimulia jinsi simu yake ilivyotengenezwa mahali fulani ikarudi tupu, picha zote hakuna. Bibi alimsikia. Siku hiyo hakucheka tena.

"Wakimfuta mzee, nitakuwa nimemzika mara mbili," alisema.

Tangu hapo Mama Vifungo hakutaka hata kusikia neno fundi. Aliapa moyoni kwamba sauti ile haitapotea mikononi mwake. Alimpenda sana mama mkwe huyo. Alipoolewa akiwa hana mama, bibi alimpokea kama binti wa kumzaa, na hadi leo hajawahi kumwita kwa jina lingine ila mwanangu.

Siku moja kabla ya adhuhuri, dukani kulikuwa na harufu ya ajabu. Ilikuwa tamu na kali, kama rangi ya kucha. Mama Vifungo alidhani ni mteja aliyetoka sasa hivi, akamlaumu kimoyomoyo kwa kujipamba kupita kiasi. Kisha bibi akalalamika kwamba ule mfuko pale pembeni yake ni wa moto. Mama Vifungo akaushika. Kweli ulikuwa na joto, na mshono mmoja ulikuwa umeanza kuachia.

Aliitoa simu. Mgongo wake ulikuwa umetuna.

"Imejaa upepo, mama," alisema.

"Basi utoe huo upepo, mwanangu. Lakini taratibu. Usimguse mzee."

Mama Vifungo akachagua sindano nyembamba kuliko zote. Akaketi kwenye gunia, bega kwa bega na mama mkwe wake, simu mapajani, waya wa chaja bado umechomekwa. Kwenye ufa wa pembeni aliona kitu cha rangi ya fedha, laini kama mfuko wa maziwa. Akaelekeza sindano pale.

Mlangoni akatokea jirani yake, yule fundi simu, amefuata suruali yake ya kupunguzwa kiuno. Alikuwa dada mwembamba aliyezoea kuchomeka bisibisi kwenye nywele, na kwa hiyo mtaa mzima ulimwita Bisibisi. Alivuta pumzi mara moja, akainusa ile harufu. Akaona sindano. Sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Dada, weka hiyo sindano chini. Usiisogeze zaidi."

Mama Vifungo aliiweka chini bila kujua kwa nini anatii. Bisibisi akaenda moja kwa moja ukutani, akazima swichi na kuchomoa chaja. Aliigusa simu kwa nyuma ya vidole, akaona ina joto lakini haiunguzi. Akaizima. Akawaomba wote watoke nje, akamshika bibi mkono mwenyewe. Kisha akakimbilia dukani kwake, akarudi na sufuria yenye mchanga mkavu. Aliilaza simu juu ya mchanga, akaiweka nje kwenye saruji, mbali na mlango na mbali na kila kitambaa.

Hapo ndipo alipokunja mkono wa shati lake. Kutoka kiwiko hadi kiganja ngozi ilikuwa imekunjamana.

"Betri iliyonifanyia hivi ilikuwa ndogo kuliko hiyo," alisema. "Niliitoboa kwa ncha ya bisibisi, bahati mbaya tu. Moto ulitoka kabla sijafumba jicho."

Mama Vifungo alitazama ndani ya duka. Aliliona gunia la vitambaa vikavu. Akakumbuka ule mfuko alioushona kwa mkono wake, na kifua cha mama mkwe ambapo ulining'inia kila siku. Akaketi kizingitini.

"Mimi ndiye niliyemvisha," alisema. "Nilimvisha moto shingoni."

"Hukujua, dada. Nami sikujua mpaka nilipoungua."

Bisibisi akawaeleza taratibu, bila kujikweza. Kilichovimba ni betri. Ndani yake hamna upepo wa kawaida. Betri ikichakaa, au ikipata joto jingi, huanza kutengeneza gesi yake yenyewe. Kioo kikiinuka au mgongo ukituna, hiyo ndiyo dalili. Harufu tamu kama ya rangi ya kucha ni dalili mbaya zaidi, kwa sababu betri imeanza kuvuja. Simu ya namna hiyo haibanwi, haitobolewi, haichajiwi tena. Inazimwa, inawekwa mbali na vitu vya kuungua, na inapelekwa kwa fundi. Na ikianza kutoa moshi, haishikwi kabisa. Watu wanatoka nje na kuita zimamoto.

"Na si simu peke yake," aliongeza. "Powabenki, redio ndogo za kuchaji, hata spika za masikioni zisizo na waya. Zote zina betri za ukoo huo huo."

Bibi alikuwa amesikiliza kila neno. Sasa akanyoosha mkono kutafuta mkono wa Bisibisi.

"Binti yangu, yote nimeyaelewa. Lakini humo ndani yumo mume wangu. Utamfuta?"

Bisibisi hakucheka. Alipiga goti mbele yake. Akamgeukia Mama Vifungo, akauliza, "Dada, mkanda wa cherehani yako ukikatika ukaweka mwingine, nguo uliyoshona jana inafumuka?"

"Hapana. Itafumukaje?"

"Basi ndivyo ilivyo. Betri ni kama mkanda, inaleta nguvu tu. Sauti ya babu imehifadhiwa mahali pengine kabisa. Simu ya yule mteja wenu ilirudi tupu kwa sababu nyingine. Labda aliyeitengeneza aliifuta yote ili aanze upya, na hakumuuliza mwenyewe. Mimi siifuti, bibi. Na utakaa pale pale kwenye kiti changu nikiifanya kazi."

Bibi alifikiri. "Na huyu mwanangu akae nami," alisema.

Walingoja simu ipoe. Kisha wote watatu wakaingia kwa Bisibisi. Meza yake ilikuwa tupu na safi, dirisha wazi. Alivaa miwani ya kukinga macho. Alitumia kijiti chembamba cha plastiki, akaiachanisha betri na gundi yake kidogo kidogo, kama mtu anayefumua mshono kwenye kitambaa cha hariri. Mama Vifungo, ambaye kufumua ndiko kulikomfundisha subira, aliijua kazi nzuri alipoiona. Betri ilitoka imetuna kama mto mdogo. Bisibisi akaizika kwenye kopo la mchanga, akaeleza kwamba itapelekwa kituo cha kukusanyia taka za umeme, maana ikitupwa jalalani au ikichomwa italeta madhara kwa wengine.

Akaweka betri mpya ya aina ile ile. Akaiwasha simu. Kioo kikachukua muda wake. Bibi alikuwa ameubana mkono wa mkwewe mpaka pete ikamuumiza, na Mama Vifungo hakuutoa.

"Wewe mwanamke," mzee akasema, "vitunguu vimekwisha."

Bibi alijifunika uso kwa kanga. "Nimesikia," akajibu ndani ya kanga.

Bisibisi akafanya jambo jingine, ambalo hakuna aliyemwomba. Alizinakili sauti zote kumi na moja kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, kisha akazituma kwenye simu ya mume wa Mama Vifungo. Alieleza kwamba kitu cha thamani kisikae sehemu moja, kwa sababu simu inaibiwa, inaanguka, inazama.

"Sasa babu yuko sehemu tatu," alisema.

"Kawaida yake," bibi akajibu. "Alipokuwa hai pia hakutulia sehemu moja."

Walicheka wote, na Mama Vifungo alicheka huku akifuta machozi. Alimshukuru Bisibisi. Akamshika mkono, ule wenye kovu, akaushikilia kwa muda. Suruali aliyokuja kuifuata aliipata jioni ile ile, imenyooshwa, pamoja na aproni mpya yenye mifuko sita ya bisibisi, ili nywele zake zipumzike.

Mambo mengi yakabadilika. Chaja ya zamani, ambayo waya wake ulikuwa umezungushwa uzi wa cherehani mahali palipochubuka, iliondolewa, ikaletwa inayolingana na simu. Mfuko wa kubana ulifumuliwa. Mama Vifungo alishona mwingine, mlegevu, usio na sponji, na kila wakati wa kuchaji simu inavuliwa. Inachajiwa juu ya kigae, mbali na pasi na jua, mahali ambapo mtu anaiona. Yule mpaka rangi alikuwa na mtindo wa kuchaji simu yake chini ya mto kitandani. Mkewe alimweleza mara moja tu, kwa utulivu, akamwonyesha picha aliyoipiga ya ile betri iliyotuna. Hakurudia. Na wateja wanaokuja kupima nguo wakiwa na simu zilizoinuka kioo, bibi mwenyewe huzipapasa kwa vidole. Vidole vyake havikosei. Mpaka sasa amewapeleka watu wanne kwa jirani.

Siku moja mchana, duka likiwa tulivu, bibi aliacha vifungo vyake.

"Mwanangu, hii simu inaweza kushika sauti yangu pia?"

"Inaweza, mama. Unataka kumtumia nani?"

"Wewe. Bonyeza, halafu usinikatize."

Mama Vifungo alibonyeza. Bibi akakohoa, akajiweka sawa, akainamia simu kana kwamba iko mbali.

"Mwanangu. Ni mimi. Nakushukuru kwa kunishika mkono kila asubuhi. Nakushukuru kwa kunivalisha na kunisikiliza. Ulinishonea ule mfuko kwa upendo, usijilaumu tena, nimekwambia. Basi. Na mchuzi wa jana uliuzidisha chumvi."

Alinyoosha mkono ili simu iache kurekodi. Mama Vifungo alibonyeza tena. Kabla hajarudi kwenye cherehani, alikwenda duka la pili, akamwomba Bisibisi ainakili ile sauti sehemu tatu.