Mwano wa Mwamanyili

"Kipanga, rudia. Umeona nini?"

Redioni Nyanjige aliitwa Kipanga. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya ukuta uliobomoka, jicho kwenye kamera yake ya Nikon, jasho likimchuruzika mgongoni.

"Majani yamenyauka," alisema.

"Majani?"

"Majani, Kiota. Kwenye mlango wa chumba cha injini."

Kiota, upande wa pili wa redio, alikuwa Constantine. Alikuwa mkuu wake katika idara ya ujasusi, na wakati huo alikuwa Bariadi, kwenye ofisi isiyo na kibao mlangoni. Alimjua Nyanjige kuwa si mtu wa porojo.

Jengo lilikuwa kinu cha kuchambua pamba. Zamani lilivuma usiku na mchana, malori yakipanga foleni hadi barabara kuu. Kisha likafungwa, watu wakaondoka, na pori likaja kudai chake. Mtini ulikuwa umepasua paa na kuteremsha mizizi yake ukutani. Mitambo ilikuwa imeshikwa na kutu na kufunikwa na mimea inayotambaa. Popo walikaa pale walipokaa makarani zamani.

Tangu Jumatatu Nyanjige alikuwa akilipiga picha. Ndicho kilichomleta, kwa maneno ya watu: mpiga picha wa magofu. Kijiji chake chote cha Mwamanyili kilimcheka. Ati mtoto wa Minza kasoma mpaka Dar, sasa anazunguka kupiga picha nyumba za popo! Alicheka nao. Akaendelea kupiga.

Sasa aliweka picha mbili kwenye kioo cha kamera, moja ya Jumatatu na nyingine ya dakika hiyo. Jumatatu mimea iliyofunika mlango wa chumba cha injini ilikuwa ya kijani. Leo ilikuwa imesinyaa, imegeuka rangi ya tumbaku.

Mmea wenye mizizi haunyauki hivyo masika. Ulikuwa umekatwa, kisha ukafungwa upya kwa waya kama pazia. Nyuma yake chuma kipya kiling'aa.

"Ni mlango mpya," alisema. "Umefungwa kwa ndani."

"Daktari yumo?"

"Yumo. Na Masunga yumo. Nimeiona pikipiki yake ya Boxer kichakani."

Constantine alitukana kwa sauti ya chini.

Daktari hakuwa daktari. Alikuwa mgeni mwenye pasipoti tatu na sanduku moja la barafu. Ndani ya sanduku mlikuwa na vichupa vya sotoka.

Sotoka! Ugonjwa wa kufyeka ng'ombe ambao babu zetu wakiutaja hutema mate chini. Dunia ilishatangaza kuwa umekwisha. Lakini kuna watu walikuwa wameuweka kwenye majokofu yao, na chanjo yake wameshaitengeneza, wanangoja tu ng'ombe waanze kufa ili waje kuiuza. Huo ndio uungwana wa watu wengine.

Masunga alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, mzaliwa wa pale pale Mwamanyili. Kazi yake ilikuwa kuwadunga ng'ombe kesho mnadani Nyashimo, ili kutoka hapo ugonjwa utembee wenyewe. Alijua anachofanya? Alijua sana. Wa kwake alishawahamishia mbali, angoje wa wenzake wafe, bei ipande.

"Kikosi kiko njiani," alisema Constantine. "Nusu saa. Usiguse kitu. Kesho tunataka kuwakamata wanaompokea Masunga mnadani. Wakisikia fununu wanavuka mpaka. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Aligeuza lenzi.

Kosa lake lilikuwa hilo. Jua lilikuwa limeshainamia upande wa ziwa, likagonga kioo, mwanga ukang'aa. Nyuma ya nondo za dirisha, sura nyeupe ilirudi ndani ghafla.

Nyanjige akainamisha kamera. Kwenye sikio lake la kushoto, kifaa kilichonasa simu ya Daktari kikaanza kuongea. Kiingereza cha haraka, cha mtu aliyepandwa na hofu.

Yule mpiga picha anatuangalia. Hapana, sitangoja kesho. Namwaga kila kitu hapa hapa.

Hapa hapa.

Chumba cha injini kilijengwa ukingoni mwa lambo, maana mashine za zamani zilikunywa maji. Dirisha la nyuma liliangalia lambo moja kwa moja. Na saa hiyo lambo lilikuwa limejaa ng'ombe. Kata nzima ilinyweshea pale. Ng'ombe wawili wa mama yake walikuwemo, yule wa baka jeupe na mtamba wake.

"Kiota, anamwaga kwenye lambo. Sasa hivi."

"Lipua mlango!"

"Nikilipua atamwaga kabla moshi haujatoka. Lazima mlango ufunguliwe na wao."

"Nani atakufungulia, Nyanjige? Utabisha hodi?"

Nyanjige alijivuta nyuma ukutani. Alikuwa ameshajua la kufanya, na alikuwa analiogopa kuliko risasi.

Usukumani kuna sauti moja ambayo mtu haisikii akabaki amekaa. Ni mwano. Ukipigwa, maana yake ng'ombe wameibwa. Aliye shambani huacha jembe, aliye kitandani huacha mke, aliyegombana na jirani huacha ugomvi. Asiyetoka anatengwa: hasalimiwi, hapewi moto, akifiwa anachimba kaburi peke yake. Mtoto hufundishwa hilo kabla hajajua kuhesabu vidole vyake.

Na anayeupiga kwa uongo hutengwa vivyo hivyo. Yeye na nyumba yake yote.

Nyumba yake ilikuwa mama yake, mjane, mwenye miguu inayovimba, anayechotewa maji na majirani.

"Nisamehe, mayu, mama yangu," alisema.

Akashuka ukutani, akajibanza kando ya mlango wa chuma, bastola ya Glock yenye kiwambo cha sauti mkononi. Akavuta pumzi. Akaupiga.

Sauti ilimtoka kifuani, ndefu, ya kupanda na kukatika, vile alivyoisikia utotoni. Popo walilipuka kutoka darini. Ng'ambo ya lambo mtu akaupokea. Kilimani mwingine. Filimbi za sungusungu, walinzi wa kijiji, zikaanza kulia kaya kwa kaya, mpaka Mwamanyili yote ikawa inaunguruma.

Ndani, Daktari alifoka kwa lugha yake. Hakujua kelele zile ni za nini.

Masunga alijua.

Komeo likalia. Kwa mkupuo mmoja. Mlango ukafunguka, pazia la majani makavu likachanika, na Masunga akatoka mbio, fimbo mkono huu, panga mkono ule. Macho yamemtoka. Uso wote ni hasira ya haki kabisa, hasira ya mtu aliyeibiwa.

"Wameelekea wapi?" alimpigia Nyanjige kelele. "Ng'ombe wameelekea wapi?"

Jamani! Mtu aliyekuwa tayari kuwaua ng'ombe hao wote.

Kitu kilikohoa nyuma yake, mara mbili. Daktari naye alikuwa na bastola yenye kiwambo. Masunga akaanguka kizingitini, na hata alipoanguka alikuwa bado anatazama lambo.

Nyanjige akamruka.

Chumba kilikuwa na giza na harufu ya popo. Daktari alikuwa amefika dirishani, bastola mkono mmoja, kichupa mkono mwingine, kizibo tayari kati ya meno.

Risasi ya kwanza ilivunja bega. Ya pili ilimpata shingoni.

Aliangukia ndani. Kichupa kilipasukia sakafuni, hatua moja kutoka ukutani. Nyanjige alikimwagia dumu zima la klorini alilokuwa nalo begini, akasimama juu yake akikohoa, machozi yakimtoka. Sanduku la barafu lilikuwa mezani. Limefungwa. Vingine vyote vimo.

"Kiota. Nimelipata. Wawili wamekufa."

"Funga mlango. Wanakijiji wasione kitu. Mpaka kesho mnada uishe, hakuna kilichotokea hapo. Kikosi kinapitia nyuma."

Akamvuta Masunga ndani kwa miguu. Alikuwa mzito. Akafukia damu kwa vumbi, akafunga mlango, akarudisha majani. Akachukua kamera yake.

Walikuwa wameshafika.

Walikuja kutoka kila upande, mamia, na mapanga, mishale, marungu, wanaume kwa wanawake, wengine peku. Mbele alikuwa Luhende, kamanda wa sungusungu, mzee mkavu mwenye filimbi shingoni.

"Nani kapiga?"

"Mimi."

"Ng'ombe wa nani?"

Nyanjige alitazama lambo. Walikuwa wanakunywa kwa raha zao, mikia ikifukuza nzi.

"Hakuna ng'ombe aliyeibwa," alisema. "Nilitaka picha. Za watu wakikimbia."

Mwanamke mmoja aliyekuwa amembeba mtoto mgongoni alikaa chini, akaanza kulia kwa uchovu na hasira.

"Picha," alisema Luhende. Alitamka taratibu kama mtu anayeonja chakula kilichooza. "Umetutoa mashambani kwa picha. Unajua sheria?"

"Najua, baba."

"Ni wewe na nyumba yako. Nyumba yako iko wapi?"

Watu wakapisha. Mama yake alikuwa amefika, wa mwisho, akihema, fimbo ya kuswagia mkononi. Hata yeye alikuja, na miguu ile.

"Mayu," alisema Nyanjige.

Minza alimtazama bintiye kwa muda mrefu. Kisha akatazama majirani zake, mmoja mmoja, wale waliomchotea maji, wale watakaomzika.

"Huyu hana nyumba kwangu," alisema. "Mimi sina mtoto mwongo."

Akampa mgongo. Na wote, mmoja baada ya mwingine, wakageuka pia.

Iliuma. Tusidanganyane. Lakini mama alikuwa amepona kutengwa, angechotewa maji kesho, na alijisemea hivyo mara mbili ili aweze kutembea.

Alivaa miwani ya jua. Alining'iniza kamera begani, akapita katikati ya migongo ile bila kuharakisha, akaifuata njia ya kwenda barabara ya lami.

Thuraya, simu yake ya setilaiti, ilitetema mfukoni.

"Kikosi kimefika, sanduku tunalo," alisema Constantine. "Naandika ripoti. Kuna hasara yoyote upande wetu?"

Nyanjige aligeuka mara moja, akaitazama migongo iliyobaki lamboni.

"Hakuna," alisema, akakata simu.