Chambo cha Fundi

"Dada, naomba mguu wako. Umekanyaga waya."

Mpokezi wa hospitali alishtuka, akachungulia chini ya meza. Foleni ya wagonjwa ilifika mlangoni, na huko chini, kando ya viatu alivyovivua, alipiga magoti kijana mwenye shati jeupe na macho mekundu ya kukosa usingizi. Ndiye fundi mpya wa kompyuta.

"Mguu huu au ule?"

"Wowote, mradi usiniponde vidole."

Mpokezi akacheka, yeye ambaye hakuwa amecheka tangu asubuhi. Mapenzi hayapigi hodi! Toka hapo kompyuta ya mapokezi ikawa na ugonjwa mpya kila siku, na simu ya mezani haikutulia.

"Mpenzi, umekula?"

"Nile saa ngapi, na umati huu?"

"Basi nakuletea."

Kazi ya fundi ilikuwa pia kuwafundisha wenzake wasinaswe na wadukuzi, wale wanaofunga mafaili ya watu kisha wakadai fedha ndipo wayafungue. Siku moja akawatumia wafanyakazi wote ujumbe wa chambo, wa kuwajaribu: "Mpenzi, kuna neno nimeshindwa kukuambia uso kwa uso. Bonyeza hapa." Mpokezi, aliyelingoja neno la ndoa miezi mizima, alibonyeza papo hapo. Kioo cha kompyuta kikamjibu: UMENASWA.

Mkutanoni mama mkurugenzi akamtaja mbele ya wote. Watu wakaangua kicheko.

"Hukujua ningebonyeza?" mpokezi alimuuliza fundi kwenye ngazi, machozi yakimlengalenga.

"Mpenzi, ilikwenda kwa watu wote..."

"Ndiyo hivyo. Neno langu umeligawa kwa watu wote."

Hakupokea tena simu zake. Fundi akipita mapokezi, yeye alijifanya anatafuta kalamu. Alimpenda bado, jamani, na hilo lilimchosha kuliko foleni.

Kisha, asubuhi moja, vioo vya kompyuta zote vikaandika: "Mafaili yenu tumeyafunga. Lipeni." Wauguzi wakarudi kuandika kwa mkono, wagonjwa wakajaa hadi barabarani, na mpokezi akaita majina mpaka sauti ikamkauka. Alipopata upenyo alimpelekea fundi chai. Alimkuta ameketi sakafuni katikati ya nyaya alizozichomoa.

"Tutapona?"

"Tutapona. Nakala za mafaili nilizitenga kabatini, mbali na mtandao. Jioni tutakuwa tumerudi."

"Nani kabonyeza?"

"Mimi."

"Wewe! Mwalimu wetu?"

"Uliniandikia. 'Nimekusamehe, soma hapa.'"

"Sikuandika."

"Sasa najua. Lakini nilikuwa nalingoja neno hilo, nikapofuka."

"Si ungenipigia simu uhakikishe?"

"Ungepokea?"

Mpokezi akaiweka chai sakafuni. Asingepokea. Akaketi karibu naye, bega kwa bega, wote hoi.

"Kamwambie mkurugenzi kabla hajauliza."

"Atanifukuza."

"Ukificha, kila mtu atajifunza kuficha. Ulipotufanya kichekesho, nani tena angekuja kukuambia amekosea?"

Fundi akainamisha kichwa. "Nilikuumiza. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Safari hii ni mimi kweli."

Mchana wakakusanywa wote ukumbini. Fundi akasimama na shati lake lililochafuka.

"Niliyebonyeza ni mimi. Nilichomoa nyaya dakika ileile, ndiyo maana hatukupoteza kila kitu."

Watu wakaanza kucheka. Mkurugenzi akawanyamazisha kwa mkono.

"Kuanzia leo hatajwi mtu kwa kubonyeza. Atatajwa atakayeficha." Kisha akavua miwani. "Lakini fundi, ujumbe wa nani ulikupumbaza kiasi hicho?"

Fundi akainamia shati lake lililochafuka. Hakuwa tayari kumwaibisha mpokezi tena. Mpokezi akainuka taratibu, miguu ikimuuma.

"Alidhani umetoka kwa mchumba wake, mama."

"Mchumba? Tangu lini?"

"Hilo acha alijibu mwenyewe. Kwa mdomo, watu wote wakisikia."

Fundi akamgeukia.

"Tangu sasa hivi," alisema, "akinikubali."

"Nimekukubali," mpokezi akasema, akijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Haya, karudishe kompyuta. Wagonjwa wamesimama tangu asubuhi."