Nilivyoitika kwa Sauti ya Ndefu

Hadithi za namna hii kwa kawaida humpata jirani, au binamu wa rafiki wa mtu. Mimi sina jirani wa kumsingizia. Ilinipata mimi, mwenye miaka thelathini na minne, akili timamu na meno yangu yote mdomoni.

Ilianza Jumanne, asubuhi ya kawaida kabisa. Nilifika kwenye lango la yadi ya vyuma saa moja kasoro robo, nikavaa helmeti, nikamsalimu mlinzi, naye akaninyooshea kile kifaa cha kupima pombe. Pale kazini kila anayeendesha mtambo hukipuliza kabla ya kuingia. Mimi naendesha kreni. Nakaa peke yangu kwenye kibanda cha vioo huko juu, na chini yangu wanaume wanafunga minyororo kwenye vyuma vya tani nne. Mkono wangu ukiteleza, kuna mtu harudi kwake. Kwa hiyo sinywi, mwaka wa tisa sasa, na siku ile nilipuliza huku nikiwaza soksi yangu iliyotoboka kidoleni.

Kifaa kikalia, taa ikawa nyekundu.

"Puliza tena, dada," mlinzi akasema. Nikapuliza. Nyekundu. Akanisogelea, akanusa, akarudi nyuma. "We dada! Umekunywa nini?"

"Chai."

"Hiyo chai imechacha. Unanuka baa nzima."

Nilirudishwa nyumbani na karatasi ya onyo. Sheria ya pale ni fupi: onyo la kwanza, onyo la pili, kwaheri. Na kazi ile sikuokota. Kwenye yadi nzima ni mwanamke mimi peke yangu ninayeinua vyuma, na wapo waliosubiri miaka yote nianguke ili waseme walijua.

Wa kwanza kusema alikuwa shangazi yangu, fundi cherehani, aliyenilea tangu nikiwa na miaka minne. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akaanza, hata sijakaa. "Hayo ni matunda ya kile chuo chenu."

Hapa niseme wazi. Watu wanapenda mtu akisimulia ujana wake ainamishe kichwa, aseme nilipotea nikaonekana. Mimi sikupotea. Nilijua nilipo kila Jumamosi ya Mungu: chuo cha ufundi, bweni la wavulana, chumba namba tisa, chini ya dirisha lisilofungika. Tulikunywa. Tulicheza mpaka viatu vikaachama. Mtihani wa mota niliufanya kichwa kikigonga kama karakana, na nikafaulu kuliko waliolala mapema. Ujana ni moshi, ukienda haurudi. Wangu niliuvuta wote na sijutii. Pombe niliiacha siku nilipopata kreni, basi. Hakuna malaika aliyenitokea.

Ila kuna jambo moja tulilifanya mle chumbani, na hilo ndilo lililonifuata.

Chuoni walimu waliita majina kila kipindi, na asiyekuwepo aliitikiwa na mwenzake. Mimi niliweza kuiga sauti ya mtu yeyote, wa kike kwa wa kiume, ndiyo maana wakaniita Kasuku. Nusu ya darasa letu walipata mahudhurio kwa koo langu. Mchezo ule ukahamia kwenye ulevi wetu. Mwenye chumba, tuliyemwita Mgema kwa kuwa ndiye aliyemimina, alikuwa na daftari la mahudhurio na kikombe kimoja cha bati. Anaita jina lako, unaitika "Nipo," unakunywa, anakuwekea alama ya vema. Zamu hairukwi. Asiyekuwepo anaitikiwa, ananywewa, anawekewa vema yake. Jina la Mgema mwenyewe tuliliita sisi, mwisho kabisa.

Mmoja wetu alikuwa Ndefu. Alikuwa mrefu mpaka miguu yake ilitokeza nje ya kitanda, mkimya, mwenye sauti nzito ya kutokea tumboni. Ndiye aliyenifundisha kusoma michoro ya umeme. Nilimpenda. Sikumwambia, nikidhani muda upo tele.

Jumamosi ya kumaliza mitihani, Ndefu alikuwa amekwenda kumwona mama yake, akaahidi kufika saa kumi. Saa kumi ikafika, yeye hakufika. Mgema akafungua daftari. "Ndefu?" Nikakaza koo, nikaishusha sauti mpaka tumboni: "Nipo." Chumba kizima kikaangua kicheko. Nikanywa kikombe chake chote, akawekewa vema.

Habari zilitufikia saa moja baadaye. Lori lilimgonga kituoni saa sita mchana. Nilipomwitikia kwamba yupo, alikuwa na saa nne tangu afe.

Shangazi mpaka leo anasema Ndefu aliuawa na pombe, na mpaka leo namkatalia. Alikufa hajaonja hata tone, amebeba mfuko wa machungwa aliotufungashia mama yake.

Onyo la pili lilikuja Alhamisi ya wiki iliyofuata. Tangu jana yake jioni nilikuwa sijatia kitu mdomoni isipokuwa maji. Taa nyekundu. Msimamizi wa zamu alinivuta kando, na hakunifokea. Angenifokea ingekuwa nafuu.

"Mimi najua wewe ni fundi," akasema. "Lakini unapitisha vyuma juu ya vichwa vya watu. Mara ya tatu nitakufukuza mimi mwenyewe."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniuma.

Nikahamia kwa shangazi. Nikamwambia anichunguze atakavyo, nione pombe inaingilia wapi. Naye si mtu wa kubembelezwa kwa kazi hiyo. Alipekua begi, akanusa chupa ya mafuta ya nywele, akainua godoro. Hakuna kitu. Jumapili mchana nikajinyoosha kwenye mkeka, jua linaingia dirishani, cherehani yake inakwenda taratibu, usingizi ukanichukua.

Nilipoamka cherehani ilikuwa kimya. Shangazi amesimama, mgongo umegusa ukuta, mkasi mkononi.

"Nani yule?" akanong'ona.

"Nani, shangazi?"

"Umeitika. Usingizini. Umesema nipo." Akanielekezea mkasi. "Ile si sauti yako. Ni ya mwanamume."

Midomo yangu ilikuwa michungu. Nilijua ule uchungu. "Halafu?"

"Halafu ukameza. Mara tatu. Na mdomo umefungwa."

Siku hiyo hakunisema. Alikaa kando yangu kwenye mkeka, akanishika mkono kama nilipokuwa na homa za utotoni. Kisha akauliza jambo ambalo mimi na elimu yangu sikuwa nimeliwaza. "Mwanangu, mtu haitiki bila kuitwa. Nani anakuita?"

Nikampigia simu Mgema. Tulikuwa hatujasemezana kwa miaka sita.

"Bado unaita majina?" nikamuuliza, bila hata salamu.

"Naita."

"Tangu lini?"

"Tangu mke wangu aondoke. Miezi miwili hii. Siku nyingine naanza alfajiri." Akacheka kidogo. "Ninyi wote mmenitupa, Kasuku. Anakuja Ndefu tu. Nikimwita anaitika, na kikombe kinaisha."

Keshoye, Jumatatu, niliomba ruhusa kazini nikaenda. Ilikuwa saa tisa mchana, jua kali, watu wamejaa barabarani. Mgema aliishi chumba kimoja juu ya duka la rangi. Alikuwa amekonda, shingo inaogelea kwenye kola. Katikati ya chumba aliweka stuli tano kwa duara, kama zamani. Daftari lilikuwa lilelile. Mstari wa Ndefu ulijaa vema, siku baada ya siku, hadi ukingoni mwa karatasi, kisha akaunga karatasi nyingine kwa gundi ili vema ziendelee. Kwa miezi hiyo miwili, kwenye mistari yetu sote hapakuwa na kitu, hata kwenye wake.

Nilitaka kulichana. Nikajizuia. Nilijiambia kitu hiki hakikuingia kwa daftari, kiliingia kwa koo langu.

"Ita," nikamwambia. "Leo ita mbele yangu."

Akamimina. Alikijaza kile kikombe cha bati juu ya meza ndogo, hakumwaga hata kidogo. Akafungua daftari.

"Ndefu?"

Koo langu likafunguka. Lenyewe. Nilihisi kitu kizito kinapanda kutoka tumboni, taratibu, kama mtu anayepanda ngazi za kwake. Ulimi ukajipanga. Nikauma ulimi. Damu ikaja. Kikasukuma tena. Nikaushika ukingo wa stuli kwa mikono miwili.

"Hayupo," nikasema.

Ilikuwa sauti yangu.

Mgema aliinua macho. "Kasuku, usifanye hivyo. Zamu hairukwi."

"Hayupo. Amekufa. Alikufa saa sita mchana, hajanywa kitu. Nilisema yupo, nikadanganya. Kucheza tulicheza, na kwa hilo simwombi mtu radhi. Ila hapo nilidanganya. Mwekee kosa."

Stuli ya kushotoni kwangu ikalia. Hapakuwa na mtu juu yake. Ililia vile stuli inavyolia mtu mzito akigeuka akutazame.

Sikugeuka.

Mgema aliishika kalamu bila kuandika. Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Nikimwekea kosa nitabaki na nani?" akanong'ona. Hapo ndipo nilipomwona vizuri. Midomo imekauka, macho ya njano, na mstari wake mwenyewe mtupu. Miezi miwili alikuwa anamwita maiti, na hakuna aliyemwita yeye.

Nikaita mimi. "Mgema?"

Hakujibu. Na kushotoni kwangu, juu ya ile stuli, nikasikia mtu anavuta pumzi. Pumzi ndefu. Ya mtu anayetaka kumsemea mwenzake.

Sikuwahi kuogopa vile, si juu ya kreni, si popote. Nikapiga meza kwa kiganja mpaka kikombe kikaruka.

"Mgema! Usiitikiwe! Jibu mwenyewe!"

"Nipo," akasema. Kilikuwa kisauti cha mtoto, lakini kilikuwa chake. "Nipo, Kasuku. Nipo."

Ile pumzi ikaishia hewani.

Akaandika kosa, kubwa, kwenye mstari wa Ndefu. Kisha akajiwekea vema na kulia kwa sauti kama mtu aliyetoka msibani leo. Nililia naye. Nilikuwa sijamlilia Ndefu miaka yote kumi na miwili; ungemliliaje mtu uliyesema yupo? Kile kikombe nilikimwaga mwenyewe kwenye sinki. Ilinukia vizuri, sidanganyi. Nikampeleka Mgema kwa shangazi, akapokelewa kwa uji na maneno makali, na mpaka leo yupo pale, anatengeneza redio za mtaa mzima na kugombana na shangazi kila asubuhi.

Jumanne nikapuliza. Kijani.

"Leo umekunywa chai ya kweli," mlinzi akasema. Nikamwambia chai ni ileile, mnywaji tu ndiye amepungua. Hakuelewa, akacheka hivyohivyo.

Nikapanda ngazi zote sabini na mbili, nikafungua kibanda kwa ufunguo wangu. Ufunguo ni mmoja na hulala kwangu. Ndani palikuwa safi, vioo vinang'aa, kila kitu mahali pake. Nikakaa, nikanyoosha mguu kwenye pedali. Mguu haukufika.

Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma mpaka mwisho wa reli. Hakuna mtu kwenye yadi ile mwenye miguu ya kukaa hivyo.

Chini, mfunga mizigo alikuwa tayari ameinua mkono, ananisubiri. Nikamwashiria asubiri. Kisha nikasema, kwa sauti yangu mwenyewe, "Kukaa, kaa. Kazi ni yangu."

Huu ni mwezi wa nne, na kila asubuhi nakikuta kiti vilevile. Kila asubuhi nakivuta mbele, kinalia mara saba kwenye reli, nafunga mkanda na kuinua mzigo wa kwanza.