MKWE WANGU CHINI YA GARI

"Huyu alitaka kumuua dada yangu! Kwa ubahili wake tu!"

Mwanangu Lugembe alikuwa amesimama katikati ya sebule yangu, kidole kinakaribia kuingia kwenye jicho la shemeji yake.

Binti yangu Suzana kakaa kwenye kochi, mkono umefungwa plasta kuanzia kiwiko mpaka vidoleni.

Mume wake, Ngassa, kainamisha kichwa.

Na mimi? Mimi nipo jikoni nyuma ya pazia, nasikia kila neno...

Kwa sababu mwenye kosa nilikuwa namjua.

Ni mimi!

Subirini, wapendwa. Msinishambulie kwenye komenti kabla sijamaliza.

Mimi ni mtu wa Usoke, mkoani Tabora, tumelima tumbaku miaka na miaka. Na kwa sisi Wanyamwezi wa zamani, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawali pamoja, hawashikani mikono, hawatazamani usoni. Hata jina lake humtaji. Hapa naliandika tu, lakini kwa mdomo wangu nilikuwa sijawahi kulitamka.

Najua wengi mmeshaacha hayo. Mimi sikuacha.

Sasa nikitaka mkwe anywe chai nafanyaje? Namtuma kuku.

"Wewe kuku, mwambie mwenye gari chai inapoa!"

Naye anajibu huko huko uani: "Kuku, mwambie mama nashukuru, nanawa mikono nakuja."

Suzana anacheka mpaka anakaa chini. "Mama, siku tukimchinja huyo kuku mtaongea na nani?"

Basi, kabla ya ugomvi huo, Suzana na mumewe walikuja kunisalimia kutoka kwao Mtendeni, Tabora mjini, na Korola yao kuukuu. Gari hiyo ndiyo inayowalisha, Ngassa anabebea abiria.

Ilifika inalia. Kila akikata kona inaguna "nguuuu" kama ndama aliyeachwa zizini. Ikapaki, na mchanga chini ya tairi la mbele ukaanza kupata madoa mekundu.

"Mpira wa pawa stelingi unavuja," nikamsikia Ngassa akimwambia mkewe. "Oili ikiisha yote, usukani unakuwa mgumu kama jiwe."

"Si tumpelekee fundi?"

"Fundi wa nini? Ule mkubwa wa presha ungekuwa umekufa ningeenda. Huu ni mdogo, wa kurudisha oili kwenye kikopo tu. Oili ninayo, klipu ninazo. Nabadilisha mwenyewe, hela tunanunulia mambo mengine."

"Haya bwana, fundi Ngassa!"

Mimi nilikuwa dirishani jikoni. Uso nimeugeuzia ukutani, lakini macho... macho hayana mlango, jamani!

Akapiga jeki. Akaweka beseni chini. Akalegeza mpira wa zamani, oili ikamwagika nyekundu kama juisi ya rozela. Akafuta kila mahali kwa kitambaa, taratibu, nikampenda kwa usafi wake. Kisha akatoka kwenda madukani kutafuta mpira mpya. Akarudi na kipande cheusi, akalala chini ya gari, miguu nje.

Zile klipu mbili, vile vipete vya chuma vya kukazia mpira usichomoke, aliziacha juu ya tofali karibu na mlango wangu wa jikoni.

Hapo ndipo shetani aliponipitia.

Jiko langu la gesi lilikuwa linanuka tangu asubuhi. Mpira wake ulikuwa unacheza pale unapoingilia. Nikaangalia jiko. Nikaangalia tofali. Klipu inang'aa!

Nimuombe? Mkwe? Aliyelala chali miguu nje?

Aibu gani hiyo!

Nikasema moyoni, mwanaume mwenye gari hakosi klipu nyingine. Nikanyoosha mkono, nikachukua moja. Nikaikaza kwenye gesi kwa ncha ya kisu. Harufu ikakata.

Kidogo nikamsikia anatembea tembea uani. Anainua tofali. Anachungulia chini ya beseni.

Halafu akasimama karibu kabisa na mlango wangu.

"Kuku," akasema kwa upole, "hujaiona klipu yangu hapa?"

Kuku akanyamaza.

Na mimi nikanyamaza.

Wapendwa, ule ukimya ndio umenikondesha. Neno moja tu, "ninayo", lilinishinda!

Akahangaika weee, mwishowe akakata raba ya tairi la baiskeli, akafunga nayo upande mmoja. Akajaza oili. Akawasha gari, akawa anazungusha usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, mpaka mapovu yakaisha kwenye kikopo. Gari likanyamaza kabisa.

"Umeona?" akamtambia mkewe. "Mjini wangetukamua bure!"

Wakaondoka, Suzana ananipungia mkono dirishani.

Mkono ule ule.

Njiani, wanakaribia Tabora, kwenye kona, kitu kikafanya "pwaa!" Moshi ukafumka kwenye boneti. Usukani ukagoma. Ngassa akavuta kwa nguvu zake zote, wapi! Gari likaingia mtaroni, Suzana akaangukia mkono.

Simu iliponifikia nilikaa chini sakafuni. Nikaitazama ile klipu kwenye gesi. Tangu siku hiyo nilikuwa napikia kuni. Jirani akiniuliza, nasema gesi imeisha.

Suzana akaletwa kwangu nimuuguze. Na siku ya ugomvi Ngassa alikuwa amekuja kumchukua mkewe.

Ndio tukafika pale sebuleni.

"Umetuchukulia poa sana!" Lugembe anafoka. "Umefunga gari kwa raba ya baiskeli, halafu umempakia dada yangu! Una akili wewe?"

"Kosa ni langu, shemeji."

"Basi Suzana harudi Mtendeni! Njoo na wazee wako, mhesabu ng'ombe wenu wa mahari, yaishe!"

"Kaka, mimi sijasema..." Suzana akaanza.

"Wewe nyamaza! Unataka wakulete kwenye jeneza?"

Ngassa akasimama. Hakujitetea hata kidogo. "Sawa, shemeji. Nastahili kufukuzwa."

Akaelekea mlangoni.

Mungu wangu! Anaondoka na kosa langu mgongoni!

Sijui miguu ilinitoa vipi. Nikajikuta nimepita pazia, nipo sebuleni, kichwa wazi, namtazama mkwe wangu usoni.

Ngassa akaziba uso kwa viganja, akageukia ukuta.

"Mama! Umechanganyikiwa?" Lugembe akashtuka.

"Ngassa," nikasema. "Kaa chini, baba."

Jina lilishatoka.

"Klipu niliichukua mimi. Ipo kwenye jiko langu la gesi. Uliiulizia nikakusikia, nikanyamaza. Kama ni wa kufukuzwa, nianze mimi."



Ngassa bado katazama ukuta. Mabega yanamtetemeka. Nikajua analia.

"Mama..." akasema kwa sauti ndogo. "Si klipu."

"Unasemaje?"

"Ile raba mpaka leo ipo pale pale, haijalegea. Mpira ndio ulipasuka... katikati."

"Mpira si ulinunua?"



"Dukani sikuupata. Niliukata kwenye bomba la marehemu baba, lile la kupulizia dawa ya tumbaku. Lipo stoo kwako. Ule mpira ni wa maji ya dawa, mama, oili ya moto inaulainisha unakuwa kama ugali. Nilijua si wake. Nikasema utanifikisha Tabora tu."

"Mbona hukuniomba? Ningekukataza! Mume wangu aliwahi kuutia mafuta ya taa ule mpira, ukavimba siku hiyo hiyo!"

"Nilishindwa kukuomba, mama. Niliona aibu."

Lugembe akamtazama yeye, akanitazama mimi. "Sasa... mimi nimgombeze nani hapa?"

Suzana ndiye aliyejibu. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga.

"Mmemaliza wote wawili? 'Mama, naomba mpira.' 'Mwanangu, naomba klipu.' Hayo tu! Mkaniacha nikapande gari, kila mtu na siri yake. Heshima yenu imelipwa na mkono wangu."

Hakuna aliyemtazama.

"Narudi kwangu," akaendelea, "siku nitakayoona mmeitengeneza hiyo gari wawili. Bila kuku."

Basi nikaenda Mtendeni, wapendwa. Ngassa akanunua mpira wenyewe hasa, wa oili, na klipu mpya. Akalala chini ya gari, mimi nikachuchumaa pembeni na tochi. Majirani wamejaa barazani wananong'ona. Aibu ilinichoma mpaka masikioni.

"Mama, mulika huku."

"Hapo?"

"Hapo hapo. Nishikie mpira, nakaza."

Nikaushika.

Suzana alirudi kwake. Lakini kidole chake cha mwisho hakinyooki tena, na kila akinikabidhi kikombe cha chai nakiona.

Nawaombeni kitu kimoja. Ukiona haya kumuuliza mtu wa nyumbani kwako, muulize hivyo hivyo na haya zako. Mimi nilijiona naheshimu, kumbe nilikuwa naogopa tu, na aliyeumia ni mwanangu.