Kikapu cha Namba Sita

Kila alasiri binti alifungua mlango kwa ufunguo aliouvaa shingoni, akala chakula alichofunikiwa, akafanya hesabu zake mezani peke yake. Mama yake, muuguzi, alirudi jioni akiwa hoi. Nyumba ilikuwa kimya hata mlio wa saa ya ukutani ulisikika chumba cha pili.

Siku aliyoingojea ni Jumamosi. Siku hiyo Dada Ngazi, mchezaji hodari wa timu ya wasichana ya chuo, alikuja shuleni kuwafundisha watoto mpira wa kikapu. Binti alikuwa na pumu. Akikimbia kidogo tu, kifua kilimbana, na wenzake hawakumchagua. Dada Ngazi akampa kalamu na karatasi ya pointi.

"Wewe ndiye karani wetu," alimwambia. "Bila wewe sisi tunarukaruka tu kama panzi."

Akaifanya kazi ile kwa makini mno, hata kocha wa chuo akamkalisha kwenye meza ya pointi katika mechi ya mwisho wa mwaka. Baada ya mechi hiyo, Dada Ngazi angehitimu na kuhamia mji mwingine. Hadi dakika ya mwisho ya mechi, alikuwa amebakiza kikapu kimoja tu avunje rekodi ya chuo.

Ndipo mpira ukagonga ukingo, ukarudi. Dada Ngazi, aliyevaa namba kumi, akaruka pamoja na namba sita, msichana mfupi wa timu yake aliyezoea kukaa benchi. Wote wawili wakaanguka, mpira ukazama ndani. Binti aliona waziwazi: mkono uliousukuma ulikuwa wa namba sita.

"Karani, kafunga nani?" mwamuzi akauliza.

Akivunja rekodi kwa kalamu yangu, binti aliwaza, hatanisahau.

"Namba kumi," akajibu, akaandika.

Filimbi ya mwisho ikalia. Makofi yakajaa ukumbini, Dada Ngazi akabebwa juu juu. Binti akatupa macho kwenye benchi. Namba sita alikuwa akifungua kamba za viatu polepole, kama mtu asiyengojewa popote. Binti aliujua mkao ule. Ulimchoma.

Akapenya katikati ya watu, akamvuta Dada Ngazi jezi. "Dada, nimedanganya. Kikapu ni cha namba sita."

Tabasamu la Dada Ngazi likazimika. "Nilivyoanguka, nikadhani ni mkono wangu. Kwa nini, mdogo wangu?"

"Ili usinisahau."

Dada Ngazi akamshika mkono, wakaenda kwa mwamuzi, karatasi ikasahihishwa. Rekodi ikabaki vilevile, na makofi yakaisha.

"Mbona hukusema?" Dada Ngazi akamuuliza namba sita.

"Ningeaminiwa na nani? Mwaka mzima sijafunga hata kimoja." Akafuta machozi, akacheka. "Nilidhani naota."

Watu walipotawanyika, Dada Ngazi alitundika begi begani, akainama mbele ya binti.

"Ukimpa mtu sifa isiyo yake, kuna mwingine umemnyang'anya," alisema. "Na mara nyingi ni yule asiye na wa kumtetea. Lakini umesema kweli bila kukamatwa na mtu, ukijua nitakasirika. Kwa hilo nitakukumbuka, karani wangu."