Kasri Katikati ya Ng'ombe Wenye Kiu

"Pampu imekufa, mpenzi wangu. Sasa unataka nifanye nini? Nikawatemee ng'ombe mate birikani?"

Daktari alikuwa amesimama ndani ya matope yaliyomfika mapajani. Simu alikuwa ameibana kati ya bega na sikio, na mikono yote miwili ilishika pembe za ng'ombe aliyezama hadi tumboni. Hili ndilo lililokuwa lambo kubwa kuliko yote pale ranchini. Sasa lilikuwa limebaki dimbwi moja la katikati, rangi ya chai ya maziwa, na ng'ombe waliolifuata walikuwa wamenasa mmoja mmoja. Wawili walikuwa wameshakufa. Mmoja alikuwa bado anapepesa macho.

"Injinia, sikuulizi kwa utani," alisema Daktari. "Nimekuuliza pampu inatengenezwa lini."

"Fundi ameipeleka mota mjini. Leo Jumatano, nadhani Jumatatu itakuwa tayari. Wewe acha hao, njoo ujaribu gauni. Harusi ni Jumamosi, zimebaki siku tatu tu."

"Huko nyuma yako kunalia nini?"

"Wapi?"

"Hapo ulipo. Kama maji yanamwagika."

"Aa, ni upepo huo."

Daktari aliinua macho. Hakuna hata jani lililotikisika. Alikata simu bila kuaga, akamgeukia Nyapara, mkuu wa wachungaji, aliyekuwa anafunga kamba kwenye trekta huku akijifanya hasikii.

"Nyapara, niangalie."

"Nakuangalia, Daktari."

"Unaangalia kamba. Niangalie mimi. Pampu imekufa lini?"

Mzee yule alivua kofia, akaigeuza geuza mkononi. "Mimi nina watoto watano, Daktari. Injinia alituita wote. Akasema atakayekusumbua na habari za maji kabla ya harusi akatafute kazi kwingine."

"Pampu imekufa lini?"

"Haijafa. Iko nzima kama mimi hapa. Bomba ndilo limegeuzwa. Siku ile ile ulipoondoka kwenda kuchanja ng'ombe wa ranchi za jirani, walikuja mafundi wakalikata, wakalipeleka kule juu." Alionyesha kilimani kwa kidevu, kana kwamba kunyoosha kidole kungemponza zaidi.

Walimvuta yule ng'ombe kwa trekta taratibu, robo saa nzima, mpaka akatoka na kulala pembeni akihema. Daktari alimpa maji ya ndoo yaliyokuwa kwenye pikapu, akahakikisha ameyanywa. Kisha akapanda gari jinsi alivyo.

Njia ya vumbi iliishia kwenye geti la chuma lenye maua ya dhahabu, na kuanzia hapo ungedhani umeingia nchi nyingine. Injinia alisoma Ulaya miaka sita. Alirudi na picha za majumba ya mabwana wa zamani wa huko, na katikati ya malisho ya baba yake akajenga la kwake: ghorofa mbili za mawe meupe, minara minne yenye mapaa yaliyochongoka, madirisha marefu kuliko milango ya watu wengine, ngazi mbili zilizopinda kama pembe za kondoo dume mpaka zikakutana barazani. Vichaka vilikatwa vikawa mayai. Nyasi zilikuwa kijani hata macho yanauma. Na mbele ya ngazi, farasi wanne wa mawe walikuwa wanatapika maji hewani mfululizo, bila haya.

Injinia alikuwa chini ya ngazi na shangazi yake, dada wa baba, aliyekuwa anasimamia harusi. Mpiga picha alikuwa anatafuta pembe nzuri ya kuwapigia picha wale farasi.

"Mama yangu! Bibi harusi!" Shangazi alipiga ukelele. "Usikanyage zulia!"

Daktari alilikanyaga zulia, hatua kwa hatua, na matope yakabaki nyuma yake.

"Pampu imefufuka?" aliuliza.

Injinia alijaribu kutabasamu. "Ungeniambia nitume gari likufuate. Tazama ulivyochafuka..."

"Nimekuuliza, pampu imefufuka?"

"Ni wiki moja tu, mpenzi. Bustani ingekauka, wageni wangekuta vumbi. Jumamosi ikipita tunarudisha maji."

"Wiki moja! Wewe umewahi kukaa na kiu wiki moja? Kaa mpaka kesho asubuhi tu, halafu uje tuongee."

"Usinifokee mbele za watu."

"Nitakufokea mbele za watu na nyuma yao! Wawili wamekufa kule lamboni, Injinia. Wamekufa wakinusa maji. Na wewe umekaa hapa unawanywesha farasi wa mawe!"

"Hili jumba nimelijenga kwa ajili yako!"

"Mimi nilikuomba mnara? Lini? Nilikuomba unijengee chumba cha dawa chenye friji. Miaka miwili chanjo naweka kwenye friji ya jikoni kwenu, pamoja na siagi!"

Mpiga picha aliishusha kamera taratibu. Shangazi akaona bora aingilie kati, akamshika Daktari kiwiko kwa ncha za vidole.

"Mwanangu, hasira hazimfai bibi harusi. Na kelele zote hizi za nini? Ng'ombe wenyewe si wanaondoka Jumatatu?"

Injinia alimtazama shangazi yake kama mtu anayetamani kumziba mdomo kwa mkono.

"Wanaondoka kwenda wapi?" Daktari aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka ghafla.

"Nilitaka nikwambie baada ya harusi," alisema Injinia. "Sikiliza vizuri kabla hujapandisha tena. Ng'ombe hawana mbele hapa. Mvua zenyewe unaziona. Hapa patakuwa hoteli, watu watatoka mbali kuja kufungia ndoa hapa. Utakuwa mama mwenye nyumba hii, sio mtu wa kuingiza mkono kwenye matumbo ya ng'ombe mpaka begani. Na baba amekubali."

"Baba yako? Yule anayewajua ng'ombe wake mpaka bibi zao? Amekubali?"

"Amekubali kwa mdomo wake."

Daktari alifuta simu kwenye shati, akapiga. Mwenye ranchi alikuwa mjini mwezi wa tano sasa, amefanyiwa upasuaji wa nyonga, na kila Jumapili alikuwa anaongea na mkwe wake mtarajiwa kuhusu mazoezi ya mguu. Injinia alisogea haraka.

"Usimpigie. Mzee anaumwa, unataka kumuua?"

Lakini simu ilikuwa imeshapokewa, na Daktari alikuwa ameweka sauti kubwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe wangu! Bibi harusi unapiga mwenyewe, kuna nini?"

"Baba, ni kweli umekubali ng'ombe wauzwe?"

Sauti ya mzee iligeuka ya kubembeleza. "Mama, hilo tuliache. Mwanangu aliniambia nisikutajie kabisa, kwamba ukitajiwa unalia siku nzima."

"Nalia nini, baba?"

"Si huo ugonjwa wa kutupa mimba? Kundi zima! Karatasi yako nimeisoma mara nne. Nikasema, kama Daktari mwenyewe ameandika na muhuri wake ameugonga, mimi ni nani wa kubisha? Nikasema basi, wapelekwe machinjioni."

Daktari alimwangalia Injinia, naye Injinia akaangalia viatu vyake.

"Baba, mimi sijaandika karatasi yoyote," alisema, akilitoa kila neno peke yake. "Ng'ombe wako hawana ugonjwa. Wana kiu."

Maji ya farasi yaliendelea kumwagika.

"Mpe simu mwanangu," mzee alisema hatimaye.

"Anakusikia, baba."

"Baba, naomba nikueleze..." Injinia alianza.

"Usinieleze. Nililia kwenye kitanda cha hospitali kama mtoto, wauguzi wakadhani nyonga inauma, wakanichoma sindano. Na wewe ulikuwa umekaa pembeni yangu, unanishika mkono." Mzee alikohoa. "Mama, rudisha maji ya ng'ombe wangu. Jumamosi nitakuja, hata kwa kubebwa."

Simu ikakatika. Shangazi alikuwa ameketi kwenye ngazi, kitambaa mdomoni. Daktari alimsogelea mchumba wake mpaka harufu ya matope na ya manukato zikachanganyika.

"Muhuri wangu haujawahi kutoka kwenye mkoba wangu. Uliuchukua lini?"

"Haina maana sasa."

"Lini?"

"Siku ile... ulipokuwa na homa."

Homa ile Daktari aliikumbuka vizuri. Injinia alikaa naye siku mbili, akampikia supu, akamlisha kwa kijiko, akamfuta jasho, akamwambia, "Lala, mimi nipo." Ni siku ile ile alipojiambia moyoni kwamba huyu ndiye, hatatafuta mwingine.

"Nilikuwa nimelala," alisema.

"Ulikuwa umelala."

"Ukaniwekea kitambaa cha maji usoni, ukageuka, ukafungua mkoba wangu."

"Nilijua ungekataa! Kila kitu unakataa! Ningefanyaje?"

"Ungeniuliza, nikakataa! Ndivyo watu wanavyoishi!"

Aliondoka mbele yake, akazunguka nyuma ya bwawa la farasi, akapiga magoti na kuifunga koki kubwa kwa mikono miwili. Alipoinuka alimwambia bila kumwangalia:

"Mafundi wako warudishe bomba leo, kabla jua halijazama. Na Jumamosi wageni wakifika, usiwaambie mimi ni mgonjwa wala nimesafiri. Utasimama hapa useme ulichofanya. Shangazi yako yupo, atakusaidia kukumbuka."

Alhamisi Injinia alituma ujumbe: "Nimekosa. Nilitaka tu uishi maisha ya hadhi yako."

Daktari alijibu: "Ng'ombe wa tatu amekufa leo asubuhi, yule tuliyemtoa kwa trekta. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Hadhi yangu ilikuwa kumtoa salama."

Hakukuwa na ujumbe mwingine. Habari ya ugonjwa ilikuwa imeshasambaa kwa wanunuzi na majirani, hakuna aliyetaka ng'ombe wa ranchi ile wapite hata karibu na uzio wake. Ilibidi kila ng'ombe atolewe damu ipelekwe maabara. Daktari na Nyapara walishinda kwenye kibano, ile njia nyembamba ya mbao inayomzuia ng'ombe asigeuke, tangu asubuhi hadi jioni, Alhamisi na Ijumaa.

Jumamosi saa sita mchana magari yalijaa mbele ya kasri. Bustani ilikuwa imeanza kugeuka rangi. Mzee alifika kwa magongo, akakataa kiti, akasimama chini ya ngazi akimkodolea mwanawe macho. Injinia alikuwa juu barazani na suti yake ya harusi. Daktari alisimama nyuma kabisa ya wageni, buti miguuni, koti la kazi lina damu kwenye mikono, Nyapara pembeni yake.

"Hakuna harusi," Injinia alianza. Minong'ono ikapanda, akasubiri ishuke. "Msimlaumu bibi harusi. Mimi niliandika karatasi ya uongo kwa jina lake, kwamba ng'ombe wa baba ni wagonjwa. Niligonga muhuri wake akiwa amelala na homa. Niliwakatia ng'ombe maji ili nyasi hizi zipendeze. Wamekufa watatu. Hakuna ugonjwa hapa. Aliyesikia kwamba Daktari amesema upo, mimi ndiye niliyesema."

Hakuna aliyepiga makofi, na mzee hakusogea.

Wageni walipoanza kutawanyika, Injinia alishuka mbio, akawapita jamaa zake wote mpaka kwa Daktari.

"Nimesema yote. Sikuficha hata moja."

"Nimesikia. Asante."

"Baba amenitoa kwenye uongozi. Nitachunga. Nitakaa chini ya Nyapara hapa, nitafanya lolote. Naomba tu uniambie kama bado unanipenda."

"Ningekuwa sikupendi, Injinia, ningeshaacha kukukasirikia Jumatano ile ile. Nalala na hasira, naamka nazo."

"Basi tuanze upya. Taratibu. Hata mwaka."

"Hoteli ningeweza kuisahau. Hata maji, labda, siku moja." Daktari alivua pete, akamshika mkono, akaiweka kiganjani na kuvikunja vidole vyake juu yake. "Lakini siku ile ya homa nilikuwa naitegemea. Kila tulipogombana nilikuwa nairudia ile siku, najiambia, huyu alikulisha supu. Umeichukua. Huna njia ya kunirudishia, na mimi sina kingine cha kushika."

"Daktari wangu..."

"Mimi ni Daktari wa ranchi. Ukichunga utaniona kila siku, na tutasalimiana vizuri. Kunioa, hapana."

Alimpita mzee, akamshika bega, mzee akamshika mkono. Kisha akapanda pikapu. Nyapara aliwasha gari.

"Twende wapi, Daktari?"

"Kwenye kibano. Bado sabini na mbili hawajatolewa damu."

Walipotoka nje ya geti ndipo alipoanza kulia. Alilia kwa sauti, kama mtu aliye peke yake nyumbani, akipiga dashibodi kwa ngumi. Nyapara alikaza macho barabarani, akaendesha polepole ili njia iwe ndefu.