Hoteli Yenye Bembea

Kila Jumamosi Dorkas, mwanafunzi wa darasa la sita, humsaidia mama yake kuuza dagaa sokoni Mwigobero, mjini Musoma. Jumamosi hii alipewa kazi nyingine. Bibi yake mzaa mama alikuwa anakuja kliniki mjini kutoka kijijini kwake Buswahili, na baba alitaka kumkirimu chakula cha mjini.

“Katafute hoteli,” mama alimwambia. “Iwe na chumba cha pili, au hata pazia. Unajuaga baba yako na bibi hawawezi kula wakionana.”

Dorkas alijua. Kwao mkwe na mama mkwe huheshimiana hivyo tangu siku ya mahari. Lakini hoteli ya kwanza aliyoiona ilikuwa na bembea, chipsi na aiskrimu, na ukumbi mmoja tu. Tamaa ikamshinda. Alirudi mbio akasema, “Nimepata, mama! Ina vyumba viwili.”

Walipofika na Bibi, mama aliona ukumbi ni mmoja, akamtazama Dorkas kwa mshangao. Baba, aliyekuwa ametangulia, alikuwa ameshaagiza chakula, na Bibi hakutaka kumwaibisha mkwe wake kwa kuondoka. Akaketi kona, akajifunika khanga na kugeukia ukutani. Samaki aina ya sato aliletwa akiwa wa moto. Bibi hakumgusa.

“Kula, Bibi,” Dorkas alinong’ona.

“Nimeshiba, mjukuu wangu.”

Alikuwa ametoka Buswahili alfajiri bila kutia kitu mdomoni, na dawa ya ugonjwa wa sukari alishakunywa. Punde sukari ikamshuka, mikono ikaanza kumtetemeka, jasho likamtoka. Baba alipoona hivyo aliinuka, akatoka nje bila kuonja hata tonge, ili Bibi aweze kula. Mama akamnywesha Bibi soda, kisha akamlisha ugali kidogo kidogo, kama mtoto mchanga, watu wakitazama. Dorkas roho ilimuuma mno. Bibi huyu alikuwa bado analima shamba lake la mihogo kwa jembe la mkono.

Nguvu zilipomrudia Bibi, Dorkas alipiga magoti. “Nisamehe, Bibi. Nilidanganya. Niliona chumba ni kimoja.”

Bibi akamfuta machozi kwa pindo la khanga. “Baba yako amekula?” akauliza.

Dorkas alilia upya.

“Ungesema ukweli tungetafuta kwingine, mwanangu,” mama alisema kwa upole. “Hoteli ya familia ni ile ambayo kila mmoja wetu anaweza kula. Haya, mpelekee baba yako sahani yake huko nje.”

Dorkas akaibeba kwa mikono miwili, akaenda kumwomba radhi.